Mashine za Shemeji Zinatoka Wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Muuzaji wetu wa jumla ametangaza kwamba hauzi tena mashine za saa kwa mafundi wadogo. Mafundi wadogo! Mimi! Mtu mwenye kibao chake mlangoni, MFALME WA SAA, kwa rangi ya dhahabu (ya kopo, lakini dhahabu). Mashine ndiyo roho ya saa: magurudumu, springi, na kile kidude kinachosema ti-ti-ti. Mimi hununua mashine, huivisha kasha, huweka uso na mishale, kisha huandika jina langu. Sasa nitaivisha kasha hewa?

Na Jumamosi Mwalimu Mkuu wa shule wanayosoma binti zangu pacha anastaafu. Walimu wenzake wameniagiza saa ya kujaza springi kwa mkono, maana Mwalimu Mkuu hataki hata kusikia habari za betri. Anasema ni uvivu. Nimewaahidi. Nilijipiga kifua mpaka nikakohoa.

Kibaya zaidi, shemeji yangu, kaka yake mke wangu Mama Pacha, ana duka la saa linalotazamana na langu, na hana wasiwasi wowote. Anapiga mluzi. Nimemuuliza mashine anapata wapi siku hizi. Kasema kwa watu. Watu gani? Watu tu. Mluzi ukaendelea.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua kuwa kampuni kubwa. Nimempigia wakala wa kiwanda cha ng'ambo, nikajitambulisha kama karani wa Mfalme wa Saa na Wanawe wa Kiume. (Nina mabinti, lakini yeye atajuaje?) Akataka kuzungumza na mkuu wa manunuzi. Nikamwambia asubiri, nikabana pua, nikawa mkuu wa manunuzi. Mambo yakanyooka! Akataka mkurugenzi. Nikakoroma kidogo, nikawa mkurugenzi.

Hapo pacha wakaingia wakigombania kifutio. Kelele, machozi, mmoja akamng'ata mwenzake. Wakala akauliza kuna nini. Nikasema ni kikao cha wanahisa.

Akaniuliza nataka makontena mangapi. Nikakata simu kwa heshima.

Mama Pacha ana alama ya duara kuzunguka jicho. Nimemshauri alale mapema. Na kile kioo changu cha kukuza, ninachokibana jichoni nikitengeneza saa, hakionekani tena. Nashuku pacha.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimemfuatilia shemeji. Nilijitanda mtandio wa Mama Pacha, nikavaa miwani ya jua, nikatembea nikigusa ukuta kama mtu mwenye shughuli zake. Barabara nzima ilinisalimu kwa jina. Muuza viatu akauliza kama ninaumwa jino.

Shemeji akakata kona, akapita kwa fundi cherehani, akakata kona nyingine, akaingia... kwangu! Nyumbani kwangu mwenyewe! Nikachungulia dirishani. Anakunywa chai na dada yake, wanacheka. Akatoka na kopo la biskuti kwapani, amelibana kama mtoto mchanga.

Sasa nimeelewa kila kitu. Anakula biskuti zetu.

Alipofika nilipojificha akanigeukia, akasema kwa vile tunaelekea njia moja, nimbebee mwavuli. Nikambebea. Ningefanyaje?

Jumamosi imekaribia. Mashine sina.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu si Athumani! Nimepata muuzaji mbadala. Ni jamaa wa kituo cha mabasi, wanamwita Bwana Mzigo. Ana mashine mpya, zinang'aa, ndani ya karatasi ya nailoni. Nilimuuliza zinatoka kiwanda gani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema kizuri hakina haja ya maswali mengi. Nikaona huyu mtu ana busara.

Nimenunua moja, nimeivisha kasha, nimeijaza, inalia ti-ti-ti kama kinanda. Nikamwonyesha shemeji kupitia dirishani. Mluzi ulikatika!

Ijumaa, 7 Machi

Inakwenda kinyumenyume.

Nimempigia Bwana Mzigo. Hakushtuka hata kidogo. Kasema zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotazama saa zao kwenye kioo. Nimemuuliza watu hao wako wapi. Kasema soko bado linakua.

Nimekaa nikafikiri. Mwalimu Mkuu anastaafu. Mstaafu ana haraka ya kwenda mbele? Hana! Hii ni saa ya kurudisha ujana. Nimejipongeza.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa aibu.

Sherehe ilianza vizuri. Mwalimu Mkuu alipokea saa, akaibusu, akaivaa. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Akasema hatatuchosha, atazungumza mpaka kumi na nusu tu.

Akaanza na utoto wake. Akatazama saa: kumi na robo. Akafurahi, akaingia ujana. Akatazama tena: kumi kamili! Akasema kweli leo Mungu amembariki kwa muda, kwa hiyo atamtaja kila mwanafunzi aliyewahi kufundishwa naye. Jua likashuka. Wazazi wakasinzia. Pacha wangu walikula maua ya mezani. Alipofika kwa wanafunzi wenye majina ya herufi M, saa ilisema tisa na robo, na mimi nilikuwa chini ya kiti nikitafuta kitu ambacho sikukipoteza.

Ndipo Mama Pacha akainuka. Akafika jukwaani, akamvua Mwalimu Mkuu ile saa taratibu, akamvisha nyingine, ya zamani, nzuri, mishale myembamba, inayokwenda mbele. Mwalimu Mkuu akaitazama. Akasema loo. Akakaa. Watu walipiga makofi mpaka wengine wakalia.

Kumbe! Ni yeye! Kaniambia mwenyewe: hununua majumbani saa zilizokufa, anafungua mashine, anaziosha, anazifufua, anaziweka kwenye kopo la biskuti, na kaka yake anachukua. Watu tu! Watu wenyewe ni mke wangu!

Nilimuuliza njiani kwa nini hakuniletea mimi.

Akasema, "Baba Pacha, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuambiwa. Ukanijibu saa si kazi yangu, nikakuletee chai."

Nikakumbuka. Chai yenyewe niliirudisha ikaongezwe sukari.

Kisha akanionyesha kwenye simu picha ya kile alichoandika kwenye uso wa ile saa aliyomvisha Mwalimu Mkuu. Jina langu. Kwa herufi ndogo, safi kuliko zangu. Nilimbebea mkoba mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mama Pacha amekubali kuniuzia mashine, nikipanga foleni nyuma ya shemeji. Moyo wa dhahabu. Nimemshukuru kwa dhati, nikaosha na vyombo.

Lakini mfanyabiashara makini hategemei muuzaji mmoja. Je, akiugua? Je, akinikasirikia? (Jana nilisahau kumsifu mpaka alipozima taa.)

Bahati imenijia yenyewe. Mara tu alipokwenda kwa mama yake na pacha, kuna bwana mwenye tai amebisha hodi. Ana saa za aina mpya kabisa. Hazijazwi. Hazina betri. Akaniinamia sikioni, akanong'ona kwamba hazina hata mashine.

Fikiria! Saa isiyo na mashine haiwezi kuharibika!

Nimechukua katoni nzima. Nimezificha uvunguni. Shemeji asubiri aone.