Uzinduzi wa Dashibodi ya Kupima Mawakili

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa ofisi hii ya uwakili, ambaye nje ya kazi ni mpwa wangu na bila mimi asingejua hata kufunga kamba za viatu. Waheshimiwa mawakili wasomi, pamoja na wale waliosoma tu. Makarani wa masjala. Dada wa mapokezi. Wateja wetu watukufu mliobanana kwenye benchi pale ukutani. Mabibi na mabwana (makofi machache), nasimama mbele yenu nikiwa mtu ambaye akikohoa, mahakama tatu huahirisha vikao mpaka zisikie amepona, na ndiye Mratibu Mwandamizi wa Data, Takwimu na Ufanisi, cheo ambacho kabla yangu hakikuwepo popote duniani, na nina mashaka kama atapatikana wa kukimudu baada yangu. (Kicheko nyuma.)

Chekeni. Mtacheka mpaka mtakapoona alama zenu.

Kwa miaka mingi uwakili umeendeshwa kiholela. Mtu anaingia ofisini, anamsikiliza mteja, anasoma, anakuna kichwa, anasoma tena, anakwenda mahakamani kubishana, anarudi koo limemkauka, halafu anadai amefanya kazi. Kiasi gani? Hajui. Ukimuuliza ufanisi wake wa robo mwaka ukoje ukilinganishwa na viashiria vya utendaji vilivyooanishwa na mkakati shirikishi, anakutazama kama umemtukania mama yake. Ndiyo maana nikabuni mfumo wa dashibodi, yaani skrini ya kuonyesha alama za kila wakili. Nilipokuwa naongoza karakana ya magari (sauti: "Alikuwa anaosha"), nimesikia, na kuosha ndiko kuongoza kwenyewe, kwa sababu hakuna gari lililotoka bila mimi, niligundua kanuni ya kisayansi kwamba gari likishatoka getini limekwisha, na kanuni hiyo nimeihamishia kwenye sheria. Faili likifungwa, wakili anapata alama. Likibaki wazi, wakili ni mzigo kwa taasisi.

Matokeo mnayaona. Ufungaji wa mafaili umepanda kwa asilimia mia nne, na wateja wameridhika kwa asilimia mia na ishirini, yaani wameridhika wote, na wengine walioridhika hata si wateja wetu. (Makofi kutoka kwa mpwa.) Anayeongoza ni Wakili Umeme, hebu simama wakuone, aliyemaliza kabati lake lote kabla ya chai ya asubuhi. Nilimuuliza amewezaje, akaniambia, "Mjomba, nawapigia simu wateja, nawashauri wakubali yaishe." Huo ndio ubunifu.

Anayeshika mkia ni yule pale mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye nimempa jina la Konokono na limemkaa. Huyu hajafunga faili hata moja. Kutwa yuko na mama mmoja, fundi cherehani, ambaye mwenye nyumba anataka kumtoa kwenye chumba anachoshonea, na anamhoji huyo mama kodi alimkabidhi nani, nani aliona, na kitasa cha mlango kilibadilishwa lini. Kitasa, ndugu zangu. Kwenye dashibodi yangu hakuna sehemu ya kitasa. Kwa hiyo jana, kwa mamlaka niliyojipa, nikalifunga faili la huyo mama mimi mwenyewe, ili kumwinua Konokono kitakwimu.

(Mwanamke mmoja anasimama kwenye benchi, mfuko wa vitambaa kifuani.)

Mama, maswali ni mwishoni.

("Mjomba, fundi cherehani ndiye mimi. Kesi yangu inasikilizwa leo saa tatu. Mmeifunga vipi?")

Tumeifunga vizuri kabisa, mama. Imeingia kwenye mafanikio.

("Umefunga faili letu, Mjomba," anasema Konokono, naye keshasimama. "Hakimu hajafunga lake. Asipotuona anaamua kwa kusikia upande mmoja, na jioni cherehani ya mama iko barabarani. Liko wapi?")

Hapa naomba nidhamu, maana tuko kwenye uzinduzi. Faili lipo salama, nimeliweka chini ya mguu wa meza hii iliyokuwa inayumba. (Konokono anapiga magoti, analivuta. Meza inainama, glasi ya maji inaimwagikia hotuba.) Mmeona wenyewe jinsi asiye na ufanisi anavyohujumu maendeleo. Haya, nendeni. Nakuondolea alama kumi, wewe na kitasa chako.

(Mama na wakili wake wanatoka mbio, dada wa mapokezi akiwashikilia mlango. Mawakili wengine wanainama kutazama chini ya miguu ya viti vyao, kisha wanakimbilia masjala kutafuta mafaili yao.)

Naendelea, kwani kiongozi hababaishwi na viti vitupu. Nikisema data, itikieni haki. Data. (Mpwa anapiga makofi.) Nikisema dashibodi, itikieni daima. Dashibodi. ("Daima," anasema Umeme, simu iko sikioni. "Hapana, si wewe mzee. Nakuambia hivi, kubali yaishe.")

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa dhati wataalamu ambao wangetengeneza mfumo huu kama tungewatafuta. Nalishukuru shirika ambalo lingetupa kompyuta kama barua yetu ingejibiwa, na ingejibiwa kama ingeandikwa. Namshukuru kipekee mke wangu, aliyenitajia ile asilimia mia nne akiwa anaanika nguo, nami nikaona inafaa. Dashibodi, kwa maana ya kitu cha kuwasha na kukitazama, haipo na haijawahi kuwepo, ila kwa maana pana ya kimkakati tumeizindua rasmi, asanteni sana, na naomba mtu anipe koti langu.

("Mjomba, unakwenda wapi? Kuna chakula cha wageni," anasema mpwa.)

Nawahi mahakamani, mwanangu. Baada ya kesi ya yule mama inaitwa yangu. Ukuta wa choo changu umeingia kwa jirani, kidogo tu, na ameshtaki. Wakili wangu ni Konokono.

("Konokono? Si ungempa Umeme?")

Nilimpa. Alinipigia simu, akanishauri nikibomoe choo.