Nilivyoitoharisha Mashine ya Boti

Shoga yangu Raya, wewe ndiye nnayekuamini, kwa hivyo funga mlango kwanza, kisha usome. Leo nimefedheheka. Si fedheha ya kujificha ndani ya buibui ikapita. Fedheha ya mchana kweupe, mbele ya wanaume, na kidole nimemnyooshea mtu namshitaki!

Habari ya mashine yetu unaijua. Ile ya kutia nyuma ya boti, tuliyouza mkufu wangu tukainunua kwa fundi Ghulam. Baba Salum anapakilia watu wa kijiji cha Qantab, maana huku kwa Waarabu kule gari haifiki, milima mitupu. Ndiyo inayotulisha. Na kinachobaki tunakiweka, pamoja na bangili zangu mbili, iwe nauli ya mama aondoke huko kwenu Mombasa kwenye nyumba za watu aje akae kwangu. Kila barua yake anauliza, "Meli lini, mwanangu?"

Basi leo asubuhi Baba Salum kaishusha mashine, kaiweka uani juu ya ubao. Kaitoa kifuniko, kaitoa plagi aisugue, lile tundu la plagi kaliziba kwa kitambaa. Petroli ikawa hana.

"Mama Salum, nnakwenda kutafuta petroli. Iangalie hii."

Kuiangalia! Nimeiangalia, shoga. Nimeiangalia mpaka imekufa.

Niko jikoni nnachoma chapati zangu, nasikia lap, lap, lap. Kutoka nje, lahaula! Mbwa. Mbwa mwekundu, mbavu nje, wale wanaofuata watu wa samaki. Anairamba mashine kama karamu kaandaliwa yeye. Karamba ubavu, karamba kile kitambaa. Nampigia kelele, ananitazama, kisha ananyanyua mguu. Na akamaliza haja yake yote, hana haraka.

Sasa we nambie, ningefanyaje? Baba Salum anaishika mashine ile kwa mikono yake miwili, kisha anakwenda kusali. Abiria wanaiegemea, wengine wana nguo zao za kusalia. Najisi ya mbwa si ya kupangusa kwa kitambaa ukaenda zako. Hukumu yake unaijua kama nnavyoijua mie: mara saba, moja kwa udongo.

Nikapandisha mikono ya kanzu. Nikachimba udongo safi nyuma ya kisima (hata mawe nikayatoa, nisiikwaruze!), nikaukoroga kwa maji, nikaanza. Nikasugua kila pembe. Nikafika kwenye kile kitambaa. Nikakitoa, maana nacho karambwa. Nikaliona tundu. Nikajiuliza, na ndani je? Ulimi wa mbwa mrefu.

Nikamimina.

Mashine ikaitika gulu, gulu, gulu. Nikafurahi, nikasema inapokea. Nikafuatisha maji safi, nikahesabu kwa sauti mpaka saba zikatimia. Darasa la jioni kule Unguja nilisomeshwa hesabu, nikasomeshwa kuchemsha maji ya kunywa, nikasomeshwa na ramani ya dunia. Mashine hatukusomeshwa. Jua la huku likaikausha mara moja. Nikaipangusa, kitambaa kipya nikakitia tunduni, nikaifukiza udi. (Ndiyo, chetezo na makaa yake, karibu na mashine ya petroli. Usinikumbushe.)

Baba Salum karudi. Kanusa.

"Mashaallah! Imekuwa biarusi."

"Mbwa kaingia. Nimeisafisha."

"Ahsante, mke wangu," akasema, akarudisha plagi yake. Meskini, yeye kafikiri nimepangusa.

Pwani abiria wamejaa, wanakwenda harusini Qantab. Nami nimealikwa, nikapanda na kanga yangu mpya. Pembeni yangu Bi Shamsa, shangazi wa bwana harusi, kapakata sinia la halwa. Baba Salum akavuta kamba. Nzito. Akavuta tena. Ikakohoa. Ikatoa moshi mweupe. Kisha ikaja sauti, Raya, kama mtu anatafuna wali wenye mchanga. Krrr! Kimya.

Akavuta mpaka kilemba kikamvuka. Wapi!

"Nassor," Bi Shamsa akamwambia mume wangu kwa Kiarabu chake cha kuvuta, "tutawahi harusi au tutawahi akika ya mtoto wa kwanza?"

Boti zima kicheko. Mimi damu ikanipanda. Nikateremka na maji yananifika magotini. "Ghulam katuuzia mzoga! Twende! Na nyote mnaopanda boti hili mje muwe mashahidi!"

(Mashahidi niliwaita mwenyewe, shoga. Kwa mdomo wangu huu.)

Karakana ya Ghulam iko nyuma ya forodha, hatua chache tu. Baba Salum na vijana wawili wamebeba mashine, mie mbele, nyuma yangu harusi nzima na halwa yao. Ghulam kakaa kwenye tairi anakunywa chai. Mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa.

"Huogopi Mungu?" nikamwanza. "Mkufu wangu umekula, ukatupa mzoga! Watoto wangu wale nini? Nitakushitaki kwa liwali!"

"Ya ummi, mama yangu," akasema, "mimi nimeuza mashine. Mzoga sijauza tangu nizaliwe. Ngoja."

Akaifungua mbele ya watu wote. Akanyanyua kichwa cha mashine, na kile kilichotoka, Raya, hakikuwa mafuta. Kilitoka kizito, chekundu, taratibu. Tope. Ghulam akatia kidole, akasugua, akakipeleka puani.

"Wallahi hili tope linanukia udi."

Watu wakasogea. Akauliza, "Nani kaigusa?"

Na mie, kwa ujinga wangu, nikatunisha kifua. "Nimeiosha mimi! Mbwa kairamba. Mara saba, na udongo. Tohara yake kamili, huwezi kunilaumu kitu!"

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe.

Baba Salum akanigeukia polepole. "Udongo, Mama Salum? Ndani?"

"Mara moja tu," nikasema. "Zile sita maji matupu."

Shoga, walicheka. Wameegemea ukuta, wengine wamekaa chini. Halwa ya watu karibu imwagike. Ghulam anajifuta machozi: "Ummi, anayeoshwa vile ni maiti. Wewe umeshaosha, ikabaki sisi kuzika!"

Asiyecheka alikuwa mmoja, mume wangu. Na asiyecheka ndiye aliyeniua.

Kicheko kilipokwisha ndipo bei ikaja. Mchanga umekwaruza silinda yote, pistoni imekwisha, ringi zimekwisha, na vyuma vinavyozunguka ndani navyo vimekwisha. Kuifufua, vipuri vitoke Dubai: bangili moja. Kununua nyingine: zote mbili, na juu yake tumtafutie pesa nyingine. Nikakaa palepale kwenye tairi lake, sikuomba ruhusa.

"Bangili usiguse," akanambia Baba Salum kwa Kiswahili, wasielewe. "Za mama hizo."

"Na tukale nini? Mama akija tumpokee kwa njaa?"

Nikasema ifufuliwe. Nikaivuta bangili. Haitoki! Joto limenivimbisha mkono, na miaka nayo imeninenepesha. Navuta, nauma meno, watu wanatazama. Ghulam, Mungu amlipe sijui nini, akaniletea kopo la grisi. Bi Shamsa akaweka sinia chini, akanipaka mpaka kwenye kiwiko, akaukamata mkono wangu akavuta kama anakamua ng'ombe. Ikatoka kwa kishindo, ikabiringika mpaka miguuni mwa wanaume.

Nikalia, Raya. Bi Shamsa akanifunika uso kwa shela yake, akanitia kipande cha halwa mdomoni. "Kula, miskina. Harusi imekufuata hapahapa."

Sasa nimeshasali, nimeshaomba, na sijakata tamaa na Mola wangu. Mbwa akirudi nitaiosha tena, kwa nje. Ndani mwenyewe ni mwenye spana. Lakini imebaki bangili moja, na bangili moja inamfikisha mama katikati ya bahari.

Barua hii usiikunje ukaiweka. Mpe Zuwena asome, naye ampe dada yake, imfikie kila mwenye mume mwenye mashine, mwanamke mwengine asije akamimina. Wacheke, nimewapa ruhusa. Mama awe wa mwisho, na umsomee wewe, taratibu, umkalie karibu. Akiuliza meli lini, mshike mkono tu.