Katikati ya Ua wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi katangaza: chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, atakipata Jumamosi mwenye wateja wengi zaidi kati yangu na binamu. Mimi natengeneza redio na pasi. Binamu ni kinyozi. Nilicheka kimoyomoyo. Yeye ana mkasi, mimi nina kitabu cha mipango miji! Sura ya kwanza: mji hukua kwa miduara, biashara katikati, mafukara pembeni. Nikachora ua mzima kwa kamba na chaki. Binamu nimempa duara la mwisho, langoni. Hakubisha. Mshamba.

Jumanne, 4 Machi
Katikati kamili ya ua ni mfuniko wa shimo la choo. Sayansi haichagui. Nimeweka meza hapo hapo. Wateja: hakuna. Harufu: ipo. Langoni kwa binamu watu wamejaa. Mchana likaja gari la kunyonya maji taka. Dereva akaniambia nisogee au aninyonye na mimi.

Jumatano, 5 Machi
Miduara imepitwa na wakati. Sura ya pili: mji hufuata barabara. Nimemweleza binamu kwamba maendeleo yanahitaji lango. Akahamia nyuma, karibu na bomba. Wapita njia wote wameniuliza kinyozi yuko wapi. Nimeelekeza watu kutwa, koo limekauka. Hata mama muuza uji kabeba sufuria yake kawafuata. Msaliti!

Ijumaa, 7 Machi
Sura ya tatu: mji mkubwa una vitovu vingi. Redio langoni, pasi barazani kwa shangazi, mapokezi bombani. Vitovu vitatu, mimi mmoja. Nilipokimbilia redio, pasi niliyokuwa naijaribu ikatoboa shuka la shangazi. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huo mji wako una watu wangapi?" Nikamjibu kwamba idadi ya watu ni sura ya nne.

Jumamosi, 8 Machi
Binamu kapewa chumba. Mimi nimepewa stoo nyuma ya choo. Imeniuma, sifichi. Nilishachagua hadi rangi ya kibao. Kisha nikafungua sura ya mwisho: mji hupanuka kwenda nje, na pembezoni pa leo ndipo kitovu cha kesho. Wamenipa kitovu bila kujua! Nimeshachora miduara mipya, kuanzia mlango wa stoo. Binamu, maskini, kaangukia duara la mwisho.