Kura Moja ya Ngazi

Jumatatu, 18 Februari 1957

Nimeficha jambo kwa miaka mitano. Leo daktari amesikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kupita kiasi, akakunja vifaa vyake, akamwambia mke wangu anipikie chochote nitakachotaka. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na mmoja. Najua maana ya mtu kuruhusiwa kila kitu. Ndiyo maana nimefungua daftari hili.

Jambo lenyewe linaanza hivi. Mwaka 1952, katika uchaguzi wa kwanza wa India huru, niligombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria la Mysore. Mpinzani wangu alikuwa shemeji yangu Chikkanna, mdogo wa mke wangu Sakamma, mwenye mashamba yote ya miwa upande wa bwawa. Kila mgombea alikuwa na sanduku lake la kura, na picha ya alama yake imebandikwa nje; mpiga kura alitumbukiza karatasi kwenye sanduku la amtakaye. Chikkanna alipewa taa. Mimi nilichagua ngazi. Ngazi ni maendeleo. Sikufikiri hata kidogo kwamba hapa Hosakere kitu cha mianzi chenye vipandio ndicho tunachomlazia maiti tukimpeleka kumchoma. Wanawake wenye mimba walilipita sanduku langu wakiwa wamefunika matumbo.

Katika kituo chetu taa ilipata kura 338. Ngazi ilipata moja.

Kijiji kikaamua kwamba hiyo moja ilikuwa yangu mwenyewe, na kwamba Sakamma alimpa mdogo wake. Sakamma aliapa kwamba alinipa mimi. Anaapa hadi leo. Hakuna anayemsadiki.

Mimi najua anasema kweli. Nimejuaje? Nitaandika nikipata nguvu.

Jioni: uji wa ulezi, mtindi, kipande cha mkate mtamu wa dengu. Nitalala vizuri.

Alhamisi, 21 Februari

Lazima niseme pia jinsi nilivyofaidika. Kwa miaka mitano, kila tukikosana na Sakamma, mimi sibishani. Nashusha pumzi tu na kusema, "Haya. Kura yenyewe ilikuwa moja." Basi huenda jikoni kimya, na baada ya muda mfupi naletewa kahawa. Nimekunywa kahawa nyingi sana ambayo haikuwa haki yangu.

Nisingejali, lakini uchaguzi umerudi. Chikkanna anagombea tena, na taa yake ileile. Safari hii anayempinga ni mkunga Lilavati, picha yake mwavuli. Ameahidi wodi ya uzazi hapahapa Hosakere. Binti yetu Honnamma alifia njiani, kwenye gari la ng'ombe, akipelekwa kujifungua hospitali iliyo maili kumi na moja kutoka hapa. Sakamma hajawahi kulia mbele za watu kwa ajili hiyo. Anazunguka tu nyumba kwa nyumba na mwavuli mkononi, na jua kali, bila kuufungua, kwa sababu ni wa kampeni.

Leo amerudi mapema. Kisimani alimkuta Doddakka, mke wa mfinyanzi, mwenye ulimi mkali kuliko wembe. Sakamma alipoanza kuwaeleza habari za wodi, Doddakka alitua mtungi wake akamuuliza, "Wewe mumeo wa ndoa ulimnyima kura. Huyo mkunga utampa nini, na sisi utatupa nini?" Wanawake wote walicheka. Mmoja alimwambia aende zake, asiwapotezee foleni ya maji.

Sakamma ni mwanamke aliyesimama mbele ya karani wa kijiji saa nzima mwaka ule, kwa sababu karani alimwandika "mke wa Kalegowda" kwenye orodha ya wapiga kura, naye alitaka aandikwe Sakamma. Aliandikwa. Sasa neno lake halina uzito kisimani.

Naweza kumsafisha kwa sentensi moja. Ila sentensi hiyo itanichafua mimi. Nitatafuta njia ya tatu.

Jumapili, 24 Februari

Njia imepatikana. Nitasema sikupiga kura kabisa mwaka ule, kwamba niliumwa. Hapo ile kura moja itakuwa ya Sakamma, na mimi nitakuwa mgonjwa tu, jambo ambalo ni kweli siku hizi.

Nikamwita Timma kinyozi aje kuninyoa. Ukimwambia Timma jambo asubuhi, saa sita mchana limeshavuka bwawa. Nilingoja mpaka povu likolee shavuni, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayekumbuka kwa shida kwamba siku ile ya 1952 nilikuwa na homa, sikutoka nyumbani.

Wembe ukasimama. "Na kidole chako je, Mwalimu?"

Nilikuwa nimesahau kidole. Walitupaka wino usiotoka, na mimi kwa wiki mbili nilitembea nimeinua kidole kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani. Niliwaonyesha watu sokoni. Timma anasema nilimkataza asikilowanishe alipokuwa akininyoa.

Nikasema labda homa ilinishika baada ya hapo. Timma akasema labda. Aliendelea kuninyoa kwa upole unaokera, kama mtu anayemnyoa mzee aliyeanza kupotewa na akili.

Jumanne, 26 Februari

Jaribio la pili. Karani Shamarao, yuleyule wa orodha, alikuja kunijulia hali. Anaamini hesabu kuliko anavyoamini miungu. Nikamnong'oneza kwamba siku ile nilikwenda kituoni, ndiyo, nikapakwa wino, ndiyo, lakini upepo ulinipokonya karatasi ukaipeperusha dirishani. Niliona aibu kuomba nyingine.

Shamarao alifumba macho. Akasema karatasi zilizotolewa zilikuwa 339. Karatasi zilizokutwa kwenye masanduku zilikuwa 339. Akafumbua macho. "Labda, Mwalimu, huo upepo nao ulikuwa umejiandikisha."

Alicheka peke yake mpaka akapaliwa na tambuu. Nililazimika kumpa maji yangu.

Sakamma aliingia akauliza tunacheka nini. Nikasema hesabu.

Ijumaa, 1 Machi

Chikkanna amekuja kunitazama. Kaleta fenesi kubwa kama mtoto wa ng'ombe. Sikumtarajia, lakini nikaona heri, maana nilikuwa na jaribio la tatu.

Nilimwambia, shemeji, dada yako anateseka kisimani. Sema hadharani kwamba unajua hakukupa wewe. Wewe ni tajiri, una kura nyingi, moja si kitu kwako.

Alimenya punje za fenesi, akaziweka kwenye jani mbele yangu. Akasema katika kura zote 338 alizopata hapa, mia tatu anajua zilitoka kwa watu wanaolima mashamba yake. Nyingine alizipata kwa taa, kwa sababu wanawake wanaipenda taa. "Kuna moja tu, shemeji, niliyopewa kwa mapenzi. Ya dada. Sasa unataka niitupe?" Macho yake yalikuwa yamelowa. Chikkanna, ambaye aliwahi kumfunga punda wa jirani siku tatu kwa kula majani ya muwa.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hiyo kura ya mapenzi naijua ilikotoka.

Nikala punje tisa za fenesi. Daktari aliruhusu chochote.

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kura. Nimechoka, lakini niandike kabla sijasahau ni nani alisema nini.

Timma na mfinyanzi walinibeba kwenye kiti changu cha shule. Timma alikuwa amependekeza ngazi, kwamba ni nyepesi na inanifahamu. Sakamma alimtazama, akaenda kuleta kiti.

Kituo ni shule yangu ya zamani. Foleni ya wanawake ilizunguka ua wote, Doddakka akiwa katikati kama kawaida, ili asikike pande zote mbili. Alipotuona akasema, "Mwalimu, shika karatasi yako mwenyewe leo. Usimwachie mkeo."

Kicheko kilianza mbele ya foleni kikafika nyuma. Sakamma alinirekebishia shuka begani, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umeteleza. Kisha akairekebisha tena, ingawa ilishakaa sawa. Nimeishi naye miaka hamsini na mbili, na nilimwona akinyoosha kitu kilichonyooka mara moja tu, siku gari la ng'ombe liliporudi.

Nikawaambia Timma na mwenzake wanitue chini. Ofisa wa uchaguzi alitoka akasema kampeni hairuhusiwi ndani ya mstari wa chokaa. Nikamwambia hii si kampeni, mimi nakufa. Akarudi ndani.

Nikasema, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia gwarideni, kwamba kura moja ya ngazi mwaka 1952 ilikuwa ya Sakamma. Mimi nilitia yangu kwenye taa.

Kasuku walisikika kwenye paa la darasa la tatu. Doddakka akauliza kwa nini, mtu na akili zake, ampe mpinzani wake.

Hapo ningemaliza vizuri. Kinywa tayari kilikuwa wazi. Lakini nyuso zote zile zilinitazama, nusu yao niliwafundisha kusoma, na nikajisikia nikisema kwamba niliona si adabu mtu kujichagua mwenyewe. Kwamba nilimpa shemeji yangu kwa heshima, nikabaki na siri yangu kwa unyenyekevu.

Wanaume wazima walifuta macho. Mfinyanzi aliinama akanigusa miguu kwa heshima. Chikkanna, aliyekuwa karibu na mlango, alimtazama dada yake, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyelipwa fedha ya nchi isiyojulikana.

Doddakka alitoka kwenye foleni. Tangu nimfahamu sijamwona akitoka kwenye foleni yoyote. Alimwendea Sakamma akamshika mikono yote miwili. "Dada, tulikuumiza. Mimi hasa. Niambie tena habari za hiyo wodi." Ofisa akapiga kelele kutoka ndani kuhusu chokaa. Basi walivuka mstari, wote, foleni nzima ya wanawake, wakaenda kusimama nje ya ua, Sakamma katikati yao. Kisha walirudi.

Mimi niliingia. Nikatoka. Kidole kina wino.

Nyumbani Sakamma aliniletea kahawa bila mimi kushusha pumzi. Akakaa. Akasema polepole, "Kwa hiyo miaka mitano yote ulikuwa unajua." Nikasema moyo unaniuma. Alinitazama muda mrefu kama daktari, kisha akaniwekea mto.

Jumatatu, 11 Machi

Lilavati ameshinda. Shamarao amerudi na namba kutoka kwenye kuhesabu kura. Jimbo zima mwavuli umeizidi taa kwa kura zaidi ya elfu. Sakamma alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa peke yake karibu na gari la ng'ombe kuukuu, akarudi na uso uliotulia. Akapika mikate mitamu kumi na minane. Nimekula mitano. Mtu mwadilifu hupewa vingi kuliko mtu mnyonge, nimegundua.

Kuna tatizo dogo. Katika kituo chetu taa imeongoza kwa kura moja. Taa 187, mwavuli 186.

Watu wengine wangeliacha jambo hilo lipite. Lakini wanawake walikuwa wamehesabu kwa vidole waliokula kiapo kwa mwavuli, nje ya mstari wa chokaa na nyumbani kwao, na walikuwa 187. Kati yao wako Timma, ambaye Lilavati alimzalisha mkewe, na mimi. Kuna mmoja aliyesema uongo, na kituo chetu kimeaibika mbele ya jimbo zima kwa sababu yake.

Shaka yote imemwangukia Timma. Humnyoa Chikkanna kila Jumamosi, na Doddakka anasema alimwona akicheka. Timma ameapa kwa wembe wake. Mkewe ameacha kumpa mtindi. Alikuja leo kuninyoa, macho mekundu, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa haki. Wewe niambie, mtu akisingiziwa afanye nini?"

Nikamwambia avumilie. Nikamwambia hata Sakamma alivumilia. Nikamwomba anipunguze masharubu kidogo upande wa kushoto. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini kazi yake nzuri.

Sasa niandike, maana pumzi leo ni fupi.

Mwaka 1952 nilitumia miezi mitatu kusimama juu ya meza sokoni nikiwaeleza watu kwamba sanduku la kura si mungu. Ni bati, nilisema, na picha ni karatasi na gundi. Msilivulie viatu. Msilipake rangi. Walinisikiliza kwa heshima. Siku yenyewe niliingia nyuma ya pazia, nikakuta ngazi yangu safi, haina hata alama ya kidole, na taa imepakwa unga mwekundu na manjano, asumini zimetandazwa juu, mtu kachoma kafuri. Ilinukia kama nyumbani kwa mama yangu saa ya ibada. Sikuwa na viatu miguuni. Sijui nilivivua saa ngapi. Nikaunganisha mikono, nikainamisha kichwa, nikafumba macho. Nilipofumbua, mkono ulikuwa mtupu; karatasi ilikuwa imeingia kwenye taa. Kutoka mbele ya madhabahu mtu harudi nyumbani na alichokuja nacho. Hapakuwa na adabu wala heshima kwa shemeji. Huo ndio ukweli.

Jumatatu iliyopita nilipofika nyuma ya pazia nilijiambia mara tatu: mwavuli, mwavuli, mwavuli. Nilikumbuka gari la ng'ombe. Lakini wanawake walikuwa wameanza kupita tangu alfajiri, kabla ya neno langu, na asumini juu ya taa zilikuwa mbichi.

Nilivua viatu. Nikafumba macho. Nikaitumbukiza kwenye taa.