Mlenda Uliokosa Mshtuko

Gazeti lilikuwa la juzi, tena limelowa mafuta ya bajia, lakini Admirali alilisoma kama vile limetoka kiwandani sasa hivi.

"Sikilizeni, mabwana! 'Wataalamu wawahimiza wazazi wa Aleksandria kuzipeleka familia zao kwenye jumba la sayansi likizo hii, ambako watoto hushika, hubonyeza na kujaribu kila kitu kwa mikono yao.' Mnaona nchi inavyokwenda mbele?"

Mahrous akapaliwa na chai. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mwambie huyo mwandishi," akasema alipopata sauti, "yeye kwanza ampeleke mama mkwe wake. Akirudi salama ndipo atuandikie."

Hapo viti vikasogezwa. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, nyuma ya soko la samaki, na kila mtu kijiweni alikuwa akisubiri simu ya kuambiwa chakula tayari nyumbani. Kila mtu isipokuwa Mahrous. Yeye alikwisha kuagiza sandwichi ya maini kwa Spidi, mhudumu, na kwa kuwa Spidi ndiye mhudumu, alijua ataila magharibi.

Mahrous ni fundi wa mafriji, lakini kijiweni wanamwita Redio, kwa sababu Mungu alimuumba bila kitufe cha kuzima. Admirali naye hajapanda hata mtumbwi. Ameendesha tramu maisha yake yote. Halafu kuna Daktari, anayepeleka dawa majumbani kwa baiskeli, na kwa hiyo anayajua magonjwa ya mtaa mzima.

"Kumbe!" Daktari akasema. "Ndiyo maana kila Ijumaa tunakuona hapa unatafuna maini kama mjane. Mkeo na watoto wako wapi?"

"Kwa mama yake, Hajati Inshirah. Wanakula mlenda na sungura."

"Na wewe?"

"Nimepigwa marufuku."

"Kisa?"

"Sahani."

"Umemvunjia sahani mama wa watu?"

"Afadhali ningevunja!" Mahrous akapiga meza, dhumna zikaruka. "Ningenunua nyingine, yakaisha. Hii ni ya sayansi. Mle kwenye jumba la sayansi zipo mbili, zimesimama wima, kila moja kubwa kama mlango wa gereji. Moja huku, moja kule mwisho wa ukumbi. Unaipa uso sahani yako, unanong'ona, na aliye kwenye ile nyingine anakusikia kama umemwinamia sikioni."

"Waya umepita wapi?"

"Hakuna waya, Mzee. Sauti inagonga sahani, inakwenda zake."

Admirali akatazama kulia, akatazama kushoto. "Basi ndizo serikali inazotusikilizia."

"Ya nini wahangaike," Daktari akasema, "na wewe upo?"

"Nyamazeni niseme! Nikamwambia Nisma, binti yangu, kimbia sahani ya kule, baba akwambie siri. Akakimbia. Mimi nikageuka, uso kwenye sahani, mgongo ukumbini. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikanong'ona."

"Ukasemaje?"

Mahrous akaufumba mdomo. Ilikuwa ajabu kumwona Redio amenyamaza, na watu wa meza ya jirani nao wakaacha kucheza.

"Sema, bwana, usituweke roho juu!"

"Nikasema, 'Nisma mwanangu, tukitoka hapa tusiende kula kwa bibi. Tujifanye tumbo linakuuma, tukale maini mjini. Mlenda wa bibi yako siku hizi hauna mshtuko.'"

Lo! Admirali alilikunja gazeti pole pole, kama mtu msibani. Mtu wa meza ya jirani akasema "Astaghfirullah" waziwazi.

"Kwani ni tusi hilo?" Daktari akauliza. "Kisayansi, jamani..."

"Wewe Daktari, utapigwa hapa!" Admirali akaruka. "Mwanamke akimwaga kitunguu saumu cha moto kwenye mlenda, sharti avute pumzi kwa kishindo, haaa!, kama aliyekanyaga nyoka. Asiposhtuka, mlenda unajitenga, maji juu, majani chini. Dada yangu aliwahi kupika ana mafua, pua zimeziba. Paka walinusa wakaenda kulalamika kwa jirani!"

"Pumzi haiingii chunguni, Mzee. Ni moto tu na kipimo cha maji."

"Haya, kaoe kipimo cha maji!"

"Mabwana," Mahrous akasema kwa unyonge, "mlenda wake ulikuwa umejitenga kweli. Mimi sikusema uongo."

"Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo," Admirali akamwambia. "Wewe umemtukana mpishi na Ijumaa zingalipo. Ehe, Nisma akajibu nini?"

"Nisma hakuwepo! Njiani aliona mtambo wa mapovu ya sabuni, yale makubwa ya kumfunika mtoto mzima, akaenda kuingia ndani ya povu. Kwenye sahani ya kule alikuwa Hajati. Miguu ilimwuma, akaona kigoda, akakaa, akavua viatu, akaanza kubanja mbegu za maboga."

"Mungu wangu!"

"Basi mimi niko na uso wangu pale, mara sahani inanirudishia: HAAAAA! Wallahi, nywele zilinisimama. Nilidhani mtambo umepasuka. Nikasema, 'Nisma, usivute pumzi hivyo, utameza ukumbi.' Sauti ikanijibu taratibu kabisa: 'Nisma yuko kwenye povu, Mahrous. Huku niko mimi.'"

Daktari alicheka mpaka akateleza kitini. Admirali alijitahidi kuwa na huruma, ikamshinda, akafuta macho kwa gazeti na kujipaka mafuta ya bajia usoni.

"Chekeni tu," Mahrous akasema. "Mke wangu Nagwa akitoka kwa mama yake hata kibakuli hanibebei. Watoto wanarudi midomo ya kijani, mimi natazama tu. Namkumbuka sana yule mama, jamani. Aliponiozesha binti yake sikuwa na hata friji langu mwenyewe. Ijumaa bila meza yake, najiona kama mpangaji duniani."

Kicheko kikapungua. Kila mtu akatazama glasi yake.

"Mnunulie njiwa," Admirali akashauri.

"Nilimpelekea. Aliwafungulia dirisha wakaenda zao."

"Mwambie ulikuwa unamsema bibi mwingine."

"Nisma ana bibi mmoja tu."

"Basi mpigie simu umwombe radhi, yaishe! Mwanamume mzima unaogopa mlenda?" Na kabla Mahrous hajasema kitu, Admirali akaikwapua simu ya Mahrous mezani, akatafuta "Nagwa", akabonyeza.

Simu hiyo ilikwisha kuanguka kwenye maji ya friji la mteja, tangu hapo haisikiki ila kwa spika. Kwa hiyo kijiwe kizima, na meza ya jirani, kilimsikia Nagwa akisema, "Baba Nisma, nini tena? Mama yuko jikoni." Kikasikia mwiko ukigonga chungu. Kisha ikaja sauti nyingine, nzito.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama," Mahrous akasema. "Shikamoo, mama. Nimekukosea. Mdomo umeniponza."

"Sema haraka. Kitunguu saumu kiko motoni."

"Nataka unisamehe tu."

Wakasikia mafuta yakichemka, tsss, tsss.

"Nimekwisha kukusamehe, mwanangu," Hajati akasema, na sauti ikashuka. "Sikukukataza mezani kwa hasira. Nilikukataza kwa aibu. Ulisema kweli. Zamani marehemu Hajji alikuwa ananyata nyuma yangu, kitunguu kikiwa tayari ananitisha, nami nashtuka hasa. Sasa nani wa kunishtua? Najilazimisha, inatoka kama kikohozi. Ijumaa zote hizi mlenda unajitenga, watoto wanaula kwa kunionea huruma tu."

Kwa mara ya kwanza Mahrous alijuta kweli, si kwa ajili ya tumbo lake. Alimkumbuka Hajji, baba mkwe wake, mzee mnene, akinyata bila viatu kwenye kijikorido cha kuendea jikoni, kidole mdomoni, watoto wakizuia kicheko.

"Kitunguu kimekuwa chekundu, mama," ikasikika sauti ya Nagwa. "Kitaungua!"

"Haya, namimina. Kwaheri, Mahrous."

"Mama, ngoja!" Mahrous akainama juu ya simu, akaizungushia viganja viwili, akanong'ona kama siku ile. "Mama, mlenda wa jirani yako Bi Tahani ni mtamu kuliko wako."

Admirali akafumba macho. Daktari akajishika kichwa.

"HAAAAAAA!"

Na papo hapo, TSSSSSSS! Kijiwe kizima kikasikia kitunguu kikiingia chunguni. Paka aliyelala chini ya meza akakimbilia barabarani.

Mwiko ukazunguka. Mtu akaonja. Mtu mwingine akaonja.

"Nagwa," sauti ya Hajati ikasema kwa mbali, "umeshikana?"

"Umeshikana, mama! Tazama, umeshikana wote!"

Mwiko ukagongwa chunguni. Hajati akarudi kwenye simu. "Wewe Mahrous. Mlenda wa Tahani uliula lini?"

"Sijaula kamwe, mama. Nilikuwa naokoa kitunguu saumu."

Hajati akacheka, kicheko kirefu cha kukwaruza, mwishoni akavuta makamasi kidogo. "Njoo ule kabla haujapoa. Na Ijumaa ijayo uje mapema, vua viatu mlangoni, nyata. Usiniambie utasema nini."

Ungemwona Mahrous! Alinyanyuka akagonga goti kwenye meza, hakusikia maumivu, akavaa koti ndani nje. Admirali akamkumbatia, akimnong'oneza matusi mapya ya Ijumaa ijayo, moja baya kuliko lingine.

Daktari alikuwa bado ameikodolea macho ile simu, maana haikuwa imekatwa. Nyumbani kwake siku hiyo kulipikwa dengu. Akameza mate, akainama, akaizungushia viganja.

"Hajati!" akapaza sauti. "Na sungura wako ni mkavu kama kandambili!"

Wote wakangoja.

"Sungura hahitaji mshtuko, mwanangu," simu ikajibu, ikakata.

Ndipo Spidi akatokea, jasho likimtoka, na sandwichi ya maini mkononi. "Samahani kwa haraka," akasema. "Ya nani hii?"

Daktari akanyoosha mkono.