Mayai ya Tai Yaliyoloweshwa kwenye Chai

Jumatatu, 8 Aprili
Msanii kaja kijijini kwetu! Bi Thora Winstanley. Anatengeneza filamu kuhusu viota vya ndege na wale mabwana wa zamani walioning'inia majabalini kuiba mayai, wakayapanga kabatini kama vito. Anatafuta familia zenye mayai ya kale. Jirani yangu Mortimer kishajitokeza na kabati la babu yake. Mortimer ndani ya filamu, mimi nje? Thubutu!

Jumanne, 9 Aprili
Nimemwambia Bi Thora kwamba babu yangu alikusanya mayai ya tai huko Scotland. Karukaruka kwa furaha. Anakuja Ijumaa na kamera. Kusema kweli, mzee yule alikuwa muuza soksi. Ila nani anajua? Anajua dada yangu Winifred, ninayeishi naye. Kaniambia, "Kaka, utaumbuka mchana kweupe." Hana ndoto huyu.

Jumatano, 10 Aprili
Nimenunua mayai ya bata bukini. Nimeyalowesha kwenye chai nzito, nikayarushia madoa kwa mswaki wa Winifred. Uzuri wake! Tai mwenyewe angeyaatamia. Nikayapanga dirishani, upande wa Mortimer. Kapita, kasimama, kabadilika rangi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Winifred anatafuta mswaki. Namsaidia kutafuta.

Ijumaa, 12 Aprili
Siku ya siku! Nikavaa koti langu la harusi za watu. Kamera ikawashwa. Nilikuwa nasimulia jinsi babu alivyobembea kwenye kamba, mlango ukagongwa. Polisi! Mortimer kanichongea.

Afisa akasema kuwa na mayai ya ndege wa porini ni kosa, labda yawe yaliokotwa kabla ya sheria kutungwa. Akaliinua moja kwenye mwanga. "Mzee, mayai ya kabatini yalitobolewa ubavuni, yakapulizwa yakabaki maganda. Haya mazima, mabichi. Umeyatoa kiota gani?"

Kutoboa! Nilisahau kutoboa!

Jasho likanitoka. Huku jela, huku aibu, katikati kamera. Bi Thora alikuwa ananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo, na niliipenda, jamani, niliipenda sana. Nikang'ang'ana: ni ya tai, ya babu. Afisa akagusa pingu.

Nikapiga ukelele. Ni bata bukini! Ni chai! Babu aliuza soksi! Nikanyakua yai nikalilamba mbele yao wote mpaka likawa jeupe. Afisa alicheka akakaa chini. Winifred akauliza madoa yalipigwa kwa kitu gani. Nikautaja mswaki wake. Kanirushia taulo. Mayai kayakaanga, na afisa kala mawili.

Jumamosi, 4 Mei
Filamu imeonyeshwa ukumbini! Kabati la Mortimer lilipita mbio, yeye mwenyewe ukaonekana mkono tu. Mimi je? Uso mzima, nikilamba yai! Ukumbi ulilipuka. Watu walitokwa machozi, wakaomba irudiwe. Winifred anasema walikuwa wananicheka. Wivu.

Filamu ijayo ya Bi Thora ni ya ndege waliokaushwa na kujazwa pamba. Nimeshamnong'oneza kwamba babu alituachia dodo, yule ndege aliyetoweka duniani zamani za kale. Kaniangalia, kauma midomo, kasema lazima aje na kamera.

Jumatatu naenda kununua bata mzinga.