Zerubabeli wa Wino Mwekundu

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mjukuu wangu wa kwanza anabatizwa Jumapili, na Simon anataka aitwe Simon! Eti yeye ndiye baba wa Sekela, mama wa mtoto. Tena balozi wa nyumba kumi. Kwani ubalozi ndio uzazi? Mtoto ni wa mwanangu Asajile, atachukua jina la ukoo wangu. Basi! Ningemwambia Sekela mwenyewe, lakini kwetu mkwe na mkamwana hawaonani wala hawasemeshani. Leo katokea na ndoo ya maji, nikajitupa migombani. Nikaangukia siafu. Yote sababu ya Simon!

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kwa mchungaji kupekua kitabu cha ubatizo cha enzi za Mjerumani. Mende wamekula nusu. Elifazi, Yehoyakimu, majina ya kuvunja meno. Mara, babu yangu! Aliitwa Zerubabeli! Na ukurasa mzima ni yeye peke yake aliyepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Mtu mkubwa huyo! Mchungaji akataka kunieleza habari za wino. Nikamwambia asijisumbue, macho ninayo.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetangaza soko zima la Mpuguso. Mke wangu, Ikupa, kaniomba nipunguze sauti. Sipunguzi! Simon naye kasema Zerubabeli ni jina la dawa ya josho. Dawa ya ng'ombe, babu yangu! Nimekasirika hadi chakula kimenishinda. Jumapili nakwenda na ushahidi: jembe la babu. Chuma kizito, si hivi vya dukani. Hata shamba la ujamaa halijalionja, nimelificha uvunguni miaka yote.

Jumapili, 9 Juni
Balaa. Nimesimama mbele ya usharika, jembe begani, uso nimeuelekeza ukutani nisimwone mkamwana. Nikadai jina. Mchungaji akafungua kurasa za nyuma, akasoma taratibu: wino mwekundu ni wa waliotengwa, na Zerubabeli alitengwa na Meza ya Bwana kwa kuiba ulimi wa kengele na kumpelekea mhunzi amfulie jembe. Kengele hii hii tunayoigonga kwa jiwe tangu nizaliwe! Kanisa zima likanitazama begani. Simon alicheka hadi akakohoa.

Mchungaji akauliza mtoto anaitwa nani. Asajile akamgeukia mkewe, mwanangu wa kumzaa! Akajibu Sekela. Miaka miwili kaolewa kwangu, sijapata kuisikia sauti yake. Neno la kwanza kulisikia ni Simon. Imeniuma, siwezi kusema uongo. Na jembe wamelichukua.

Jumamosi, 15 Juni
Kengele sasa inagongwa kwa jembe langu. Kila alfajiri! Na mgongaji aliyejitolea ni Simon. Nimejifunika mablanketi mawili, bado naisikia.

Sawa. Binti yangu Tusekile ana mimba ya miezi mitano. Jana nimerudi kwenye kitabu. Ukoo wa Ikupa una babu anaitwa Habakuki, kaandikwa kwa wino wa kijani! Rangi ya TANU kabla TANU haijazaliwa! Wakwe wa Tusekile wakidai mtoto ni wa ukoo wao, nitawauliza kama mimba wamebeba wao. Baba wa mama hana haki?

Mchungaji akafungua mdomo kunieleza habari za kijani. Nikamwambia asijisumbue. Hadi jioni nilikuwa nimeshatangaza mpaka Lufingo.